Kubadilisha silinda ya gurudumu kwenye breki za dramu, nyumbani kwako

Silinda ya gurudumu, au wili silinda kama inavyoitwa gereji, ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Imeshikwa na bolti mbili, wakati mwingine moja, na paipu moja inaingia nyuma yake. Basi. Anayeiona mara ya kwanza hudhani ni kazi ya nusu saa, na kwa upande wa bolti hajakosea. Kinachoamua kama utamaliza leo au utalala gari likiwa juu ya stendi ni nati ya ile paipu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye nati hiyo na kwenye kutoa hewa, maana huko ndiko nilikoharibu mimi. Mengine tutayapita mbio.

Inavyofanya kazi, na inavyokufa

Ukiipasua silinda utakuta tundu lililonyooka na kusuguliwa laini, na ndani yake pistoni mbili zimepeana mgongo. Kila pistoni ina raba ya umbo la kikombe inayozuia mafuta yasipite, katikati kuna springi nyepesi, na nje kila upande umefunikwa kwa raba ya vumbi. Ukikanyaga pedali, masta silinda, yaani silinda kuu iliyoungwa na pedali, inasukuma mafuta, presha inaingia kati ya zile pistoni mbili, zinaachana, na kila moja inakisukuma kiatu chake, kile chuma kilichopinda chenye lainingi ya kusugua, kikaguse dramu. Ukiachia, springi za viatu zinavirudisha.

Adui yake ni maji. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na yakikaa miaka bila kubadilishwa yanaanza kuila silinda kwa ndani. Kutu inachimba vishimo, raba ikipita juu ya vishimo inakwanguka, na mafuta yanaanza kutoka. Wakati mwingine pistoni inaganda. Hapo hutaona hata tone, ila gurudumu moja halishiki, au limeshika na haliachii mpaka dramu inanuka kama kitu kinachoungua.

Dalili za kawaida ni kiwango cha mafuta kushuka kwenye kopo la breki bila sababu, pedali kuwa laini, gari kuvuta upande mmoja ukifunga breki, na unyevu kwenye ukuta wa ndani wa tairi la nyuma. Hapa kuna mtego. Magari yanayoendeshwa na magurudumu ya nyuma yana sili ya ekseli, nayo ikichoka inamwaga oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, mahali pale pale. Usinunue silinda kabla hujajua ni kipi kinavuja. Chovya kidole kwenye unyevu huo, kisha kidole hicho kwenye kikombe cha maji: mafuta ya breki yanayeyuka na kupotea, oili ya difu inaelea na kutengeneza utando. Oili ya difu pia ni nzito, na harufu yake ukishainusa mara moja huisahau.

Uthibitisho wenyewe unapatikana dramu ikiwa nje. Inua ukingo wa raba ya vumbi kwa bisibisi bapa, taratibu. Ukikuta ukungu wa unyevu tu, hiyo si ajabu. Mafuta yakitiririka, silinda imekwisha.

Kununua iliyo sahihi

Zipo raba za kubadilisha peke yake, na zamani nilikuwa nazipenda. Siku hizi sizinunui. Raba mpya kwenye tundu lenye vishimo itadumu miezi michache, kisha utarudia kazi yote, pamoja na ile nati. Badilisha silinda nzima, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli, kwa sababu zimezeeka pamoja na zimekunywa mafuta yale yale.

Kipimo cha tundu ndicho watu wanachopuuza. Silinda mbili zinaweza kufanana kwa nje, bolti zikakaa, paipu ikaingia, kumbe moja ina tundu la milimita 17.46 na nyingine 19.05. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu inafuata eneo la pistoni, na eneo la hiyo ya pili ni kubwa kwa karibu asilimia 19. Maana yake gurudumu hilo litasukuma viatu kwa nguvu zaidi ya mwenzake, na siku ya mvua ukifunga breki ghafla utaona gari linageuza makalio. Mara nyingi kipimo kimeandikwa kwenye chuma cha silinda yenyewe. Kisome kwenye ile ya zamani, ulinganishe na mpya ukiwa bado dukani. Angalia pia mahali ilipo skrubu ya kutolea hewa. Silinda ikishafungwa, skrubu hiyo inatakiwa iwe juu, kwa kuwa hewa hupanda. Kwenye baadhi ya magari silinda ya kushoto na ya kulia si moja.

Mafuta ya breki nunua chupa iliyofungwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la gari lako. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja. DOT 5, isiyo na nukta moja mbele, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo kamwe. Chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana ishanyonya unyevu, usiitumie.

Vifaa

Jeki na stendi mbili, vizuizi vya magurudumu, spana ya magurudumu, bisibisi bapa mbili, plaizi, nyundo, brashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu, dawa ya kusafishia breki, beseni, matambara, mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa ndogo ya plastiki. Halafu kuna spana moja isiyo na mbadala: ringi yenye mwanya, ile iliyotengenezwa kwa nati za paipu. Inaonekana kama spana ya ringi iliyokatwa kipande ili ipite juu ya paipu. Inashika kona tano za nati badala ya mbili. Kwenye magari mengi nati hiyo ni ya namba 10 au 11. Kama huna spana hii, ahirisha kazi mpaka uipate.

Usiku wa kuamkia kazi, lala chini ya gari, sugua nati ya paipu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha ipulizie dawa ya kutu. Fanya hivyo pia kwa skrubu ya kutolea hewa na bolti za silinda. Zote ziko upande wa nyuma wa bamba, kile chuma bapa kinachobeba silinda na viatu, huhitaji kufungua gurudumu.

Kuinua gari na kutoa dramu

Sakafu iwe ngumu na tambarare. Ziba magurudumu ya mbele kwa vizuizi, weka gia, au P kwa gari la otomatiki, kisha achia handibreki, maana ikiwa imevutwa dramu haitoki. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Ukishainua, gari likae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, usiingize mkono wala kichwa chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Dramu ikigoma, kwanza hakikisha hakuna skrubu ndogo inayoishika kwenye habu. Kisha tafuta matundu mawili yenye uzi kwenye uso wa dramu. Mengi huingia bolti ya M8. Zifunge bolti mbili kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, nazo zitaisukuma dramu itoke. Ikisogea kidogo halafu ikakwama, viatu vimeng'ang'ania ule ukingo uliobaki dramu ilipolika. Rudisha nyuma adjasta, ile skrubu inayosogeza viatu karibu au mbali na dramu, kupitia kitundu cha bamba la nyuma, mara nyingi kimezibwa kwa kizibo cha raba. Nyundo itumie kugonga kuzunguka habu, usigonge ukingo wa nje wa dramu. Ni chuma cha kumimina, hupasuka.

Vumbi lililomo humo usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, na hata visivyo nayo vumbi lake si la kuvutwa. Lowesha kwa dawa ya breki, lidondokee kwenye beseni.

Kuanzia hapa mtu yeyote asikanyage pedali. Dramu ikiwa nje hakuna kinachozuia pistoni, zitaruka na mafuta yatamwagika kila mahali. Mimi huvua kiatu changu kimoja cha mguuni na kukiweka juu ya kiti cha dereva. Anayetaka kukaa atajiuliza kwanza.

Springi na viatu

Piga picha. Moja ya mbali inayoonyesha kila kitu, nyingine za karibu: springi ya juu imeingia tundu lipi, ya chini inapita mbele au nyuma, adjasta imeelekea wapi. Kisha fungua upande mmoja tu na kuuacha wa pili mzima, ili ukipotea uende ukauchungulie. Sehemu za adjasta za kushoto na kulia hazibadilishani, kwa kawaida uzi wake umepinda kinyume.

Wapo wanaobadilisha silinda bila kutoa viatu. Wanatoa springi ya juu, wanaachanisha viatu kwa bisibisi na kuchomoa silinda katikati. Inawezekana. Mimi navitoa, kwa sababu silinda ikiwa imevuja lazima nione lainingi. Lainingi iliyolowa mafuta ya breki haiponi. Utaiosha, utaisugua kwa msasa, itaonekana kavu, halafu ikipata moto mafuta yatachuruzika upya na gurudumu litashika kwa kurukaruka. Nunua viatu vipya, seti ya pande zote mbili.

Dramu nayo itazame. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimechapwa juu yake. Dramu ya milimita 200 kwa mfano mara nyingi mwisho wake ni 201. Ikishapita hapo haifai hata kuchongwa.

Nati ya paipu

Sasa tumefika. Kanuni ya kwanza: legeza nati ya paipu silinda ikiwa bado imefungwa kwa bolti zake. Ukitangulia kutoa bolti, silinda itacheza, nati haitapata kitu cha kushindana nacho, na paipu itajipinda.

Ingiza spana mpaka ikae chini kabisa kwenye nati. Kwanza ikaze kidogo sana, kama unataka kuifunga. Kile kimshtuko huvunja kutu iliyoshika uzi. Kisha fungua kwa nguvu ya polepole inayoongezeka. Ikiachia kwa mlio mkavu, hiyo ni heri. Macho yako yasiwe kwenye spana, yawe kwenye paipu. Nati ikizunguka paipu ikiwa imetulia, endelea. Paipu ikianza kujisokota pamoja na nati, simama hapo hapo.

Mimi sikusimama. Gari langu la kwanza nililitengeneza kwa spana ya mdomo wazi niliyoazima, nikasikia nati inalegea nikafurahi, kumbe nilichosikia ni kona mbili zinachubuka. Nikachukua plaizi ya kujifunga, nikabana, nikazungusha. Nati ilizunguka kweli, na paipu ikaja nayo kama uzi wa mkonge, ikajisokota mara moja na nusu kisha ikakatika. Ilibidi nitengenezewe paipu nyingine mpaka kwenye kiungo cha katikati ya ekseli, na gari likakaa siku nne.

Kumbe ilikuwapo njia. Nati ikishaachana na silinda lakini ikawa imeganda kwenye paipu, izuie kwa spana isizunguke, toa bolti za silinda, kisha zungusha silinda yenyewe kama unayefungua kizibo. Kama viatu umeshavitoa, mara nyingi nafasi inatosha. Nati iliyoganda kwenye paipu bila kuachana na silinda irudishe na kuifungua nyuzi chache kwa zamu, huku ukipulizia dawa ya kutu. Moto usitumie, mafuta ya breki yanawaka. Na ikibidi kukata paipu, badilisha kipande kizima kilichopigwa ncha zake kwa mashine. Usiunge kwa kiungo cha kubana cha mabomba ya maji. Presha humo ndani inaweza kupita bar 100 mguu ukigandamiza kwa nguvu.

Nati ikishalegea nusu mzunguko, weka beseni chini. Kuna ujanja unaozuia kopo zima lisimwagike: mtu abonyeze pedali polepole kiasi cha sentimita 3 au 4, mafuta kidogo yatoke kupitia nati iliyolegea, kisha mfunge pedali hapo hapo kwa fimbo iliyoegemezwa kwenye kiti. Pistoni ya masta silinda inakuwa imepita kitundu kinacholeta mafuta kutoka kwenye kopo, hivyo hayashuki tena. Hii ndiyo pekee inayovunja ile amri yangu ya kutokanyaga, na ni sharti nati iwe imelegea na dramu ya upande wa pili iwe imefungwa. Taa za breki zitabaki zinawaka, kwa hiyo toa waya wa hasi wa betri.

Maliza kufungua nati, chomoa paipu kidogo bila kuipinda, zibe ncha kwa kofia ya raba ya skrubu ya kutolea hewa. Toa bolti, silinda inatoka. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja. Usifute kwanza, hubandua rangi.

Kufunga mpya

Hapa mpangilio unageuka, na wengi hukosea kwa kuufuata ule ule. Safisha bamba la nyuma, weka silinda mahali pake ikiwa huru, bila bolti, kisha ingiza nati ya paipu kwa vidole. Kwa vidole tu. Silinda ikiwa huru unaweza kuisogeza huku na kule mpaka nati ipate uzi wake. Ikiingia mizunguko mitatu au minne bila kulazimisha, ndipo ufunge bolti za silinda, na mwisho kabisa ukaze nati kwa spana. Ukianza na bolti, nati itaingia upande, itakata uzi laini wa silinda mpya, na hiyo silinda imekwenda.

Kwenye magari mengi madogo bolti za silinda zinakazwa karibu Nm 10 na nati ya paipu karibu Nm 15. Kwa lugha ya mkono, 15 ni mkaze wa kiganja kwenye spana fupi, bila kusukumiza mwili. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate.

Kabla ya kurudisha viatu, pakaza grisi ya joto kali, tone dogo, kwenye vile vivimbe vya bamba ambapo viatu huteleza. Isifike kwenye lainingi. Rudisha kila kitu ukitazama picha zako, hakikisha vichwa vya viatu vimekaa kwenye mifereji ya pistoni, kisha zungusha adjasta mpaka dramu iingie kwa kukwaruza kidogo tu.

Kutoa hewa

Dramu sasa imefungwa pande zote mbili na fimbo imeondolewa kwenye pedali. Jaza kopo. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kwenye gari kuukuu, isifike sakafuni, kwa sababu mwisho wa tundu la masta silinda ambapo pistoni haifiki siku zote kuna kutu, na raba ikipita huko hukatika. Nimeona mtu akitengeneza silinda ya nyuma na kuua masta siku hiyo hiyo.

Chomeka mpira kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha nyingine izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Unahitaji msaidizi anayesikiliza. Wa kwangu ni mpwa wangu, na tuna maneno yetu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

Nafungua robo mzunguko, mapovu yanapita kwenye mpira. "Inazama," ananiambia.

"Ishikilie." Nafunga. "Achia."

Siri iko kwenye kufunga kabla hajaachia. Akiachia skrubu ikiwa wazi, hewa inarudi ndani na mmefanya kazi bure. Ndiyo maana msaidizi lazima ajibu kila neno, asikisie. Kila baada ya mara tano au sita ongeza mafuta kwenye kopo. Likikauka, hewa inaingia mpaka masta silinda na mtaanza na gari zima. Endelea mpaka yapite mafuta safi yasiyo na povu mara kadhaa mfululizo, kisha kaza skrubu kiasi, ni nyembamba na hukatika.

Fanya magurudumu yote mawili ya nyuma hata kama ulifungua moja. Pedali ikibaki laini baada ya kurudia mara tatu, na gari lina ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, huenda hewa imekamatwa kwenye kifaa chake, na magari mengine yanahitaji mashine ya fundi kuiamsha pampu.

Kurekebisha na kujaribu

Kanyaga pedali mara kumi hivi ili viatu vijikalishe, kisha rudi kwenye adjasta mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono huku likisikika linakwaruza kidogo. Handibreki ishike ndani ya idadi ya milio iliyotajwa kwenye kitabu, mara nyingi kati ya 5 na 8. Rudisha waya wa betri.

Washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga kwa nguvu, shikilia dakika nzima. Pedali isizame. Zima, ingia chini na karatasi kavu, futa nati ya paipu na skrubu, tazama karatasi. Ikiwa kavu, funga magurudumu, shusha gari, kaza nati zake kwa msalaba.

Safari ya kwanza iwe ya mwendo wa miguu, uwanjani, mkono ukiwa tayari kwenye handibreki. Kisha kilomita 20 kwa saa, kisha 40, ukifunga breki mkono wa usukani ukiwa mwepesi usikie kama gari linavuta. Ukirudi, gusa dramu zote mbili kwa tahadhari. Joto lake lifanane. Moja ikiwa inaunguza na nyingine vuguvugu, viatu vya ile ya moto vimebana mno.

Usiku huo tandika kipande cha boksi chini ya kila gurudumu la nyuma. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, litazame boksi hilo, kisha usome kiwango kwenye kopo. Mafuta machafu yaliyo kwenye chupa yapeleke kunakopokelewa oili chakavu, usiyamwage mtaroni.